Mvumilivu

Boriti zilikuwa kumi na tatu.
Nilizihesabu mara mbili, penseli sikioni,
Bagamoyo, Mji Mkongwe, nyumba ya Bi Mwanakheri,
mvua za Aprili zimeshusha nusu ya dari kitandani kwake.
Kumi na mbili za mkoko: mchwa amekula nyama, ameacha ganda.
Ya tatu kutoka mlangoni ikaung'oa msumeno wangu meno mawili.

Si mkoko. Si mvule, si mninga, si mti wowote
niliowahi kuupiga randa.
Jasho lilipoigusa, kiganja kikawa cheusi, wino mtupu.
Kila tundu la msumari limejitia wanja.
Na ubavuni, patasi ya mtu nisiyemjua
imechonga X mbili, V moja, na mkia wa herufi iliyokatwa.

"Mwaloni," akasema Bi Mwanakheri.
"Mjukuu wangu Mshamu yuko Ufaransa,
anasomea meli zilizokufa."
Akawasha simu. Sauti ya kijana ikatoka na mafua:

Jina lake Pasianti. Kwa Kiswahili, bibi, Mvumilivu.
Alishushwa majini mwaka 1761,
mizinga sitini na minne, na mfalme hakuja kumwona.
Safari ya kwanza hakufyatua hata mmoja:
homa ya chawa ilizika mabaharia mia na tisa.
Ya pili, ndani ya ukungu, alipigana alfajiri hadi adhuhuri
na meli ya mfalme yuleyule.
Ukungu ulipoinuka wakaonana bendera,
wakaombana radhi,
wakaokota mikono.
Amani ikaja. Akafungwa gatini miaka tisa,
wadudu wa maji ya chumvi wakimtoboa kimyakimya.
Karani akaandika: Bado anafaa.

Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tulivyofunzwa.
Huyu alikula lami, akala katani,
akala wavulana wa kondeni
ambao baba zao waliwatilia alama ya msalaba, hawajui kusoma.

Kisha wakamvua mizinga arobaini,
wakampeleka Morisi, na kutoka Morisi, Kilwa.
Hapo Mshamu akasita. Tulisikia gari likipita huko aliko.
Bibi, sitaha ya mizinga waliipanga rafu za mbao.
Rejista ina safu tatu.
Waliopakiwa: mia nne na kumi na wawili.
Walioshushwa: mia tatu na kumi.
Ya tatu, Sababu, karani ameiacha tupu.

Bi Mwanakheri akazima simu, akaiweka kifudifudi.
"Alifia wapi?"
"Hukohuko Morisi. Wakamkata vipande, wakanadi.
Babu wa babu yangu alinunua boriti kwa Bohora mmoja Unguja.
Hakuambiwa. Hakuuliza."

Akainua macho. Chini ya mti ule alizaa watoto wanne,
na ndoano ya susu yao bado imo katikati yake,
imelika pale kamba ilipokuwa ikienda na kurudi.

Nilidhani atasema ing'oe, kaichome. Ngazi nilishaisimamisha.
Nikamwambia ukweli wa ufundi:
"Mama, nzima ni hiyo peke yake."

Alikaa kimya hadi chai ikapoa.
"Iache," akasema.
"Iliwabeba wasiotaka kubebwa. Na ibebe paa.
Ibebe na masika, mwaka hadi mwaka, isipewe likizo.
Lakini ile ndoano itoe leo,
kabla hujala."

Ndoano ilinila saa nzima. Mwaloni ulikuwa umeikumbatia.

Jioni nikaandika risiti, kidole bado cheusi:
Boriti mpya, mtiki wa Longuza, kumi na mbili.
Misumari, kilo tatu.
Boriti ya zamani, moja, imebaki.
Pembeni kuna safu ya Maelezo, ambayo siku zote huiruka.
Nikamkumbuka yule karani.
Nikaandika: Inadaiwa.